Jinsi ya kuchagua maiki ya kurekodia kiki kwa studio ndogo na makanisa ya Arusha na Moshi

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa studio na mafundi mitambo wa makanisani huku kwetu ni hili: ninunue maiki gani ya kiki, yani lile dramu kubwa la chini linalopigwa kwa pedali. Wengi wanataka jina moja tu waende nalo dukani. Mi siwezi kukupa jina kabla hujaniambia kiki yenyewe ikoje, ina tundu au haina, miksa yako ina umeme wa volti 48 (ule unaopita kwenye kebo kwenda kwenye maiki) au haina, na wimbo ni wa namna gani, manake maiki inabeba kile ilichokikuta pale. Kiki ikilia kama debe tupu, ukileta maiki ya bei yoyote utarekodi debe tupu. Kwa hiyo tutaenda kwa mpangilio huo, dramu kwanza, wimbo, ndo maiki, na ukifika dukani unakuwa unajua unachokitafuta.

Hatua ya 1: Anza na kiki yenyewe

Mwambie mpigaji apige kiki peke yake, polepole, we inama usawa wa ngozi ya mbele usikilize. Madramu mengi ya makanisani huku ni ya inchi 22, na mara nyingi ngozi zimekaa miaka bila mtu kugusa nati zake. Chukua funguo ya dramu, legeza nati zote za ngozi inayopigwa na bita (kile kinyundo cha pedali) mpaka ngozi ikunjamane kabisa, alafu kaza kidogo kidogo, ukikaza hii unaruka kwenye ile inayotazamana nayo, hivo hivo mpaka mikunjo iishe, ongeza kama robo mzunguko kila nati. Piga. Hapo utasikia sauti imeshuka chini na imekuwa nene. Ngozi ya mbele inaweza kukazwa zaidi kidogo.

Mlio ukiwa mrefu sana weka kitu ndani. Blanketi la mtumba la pale soko la Memorial, Moshi, linatosha, au kipande cha sponji kutoka kwa wauza magodoro, kiguse ngozi zote mbili kwa chini tu basi. Usijaze dramu zima mablanketi mpaka juu kama ninavyoona sehemu nyingi, ukifanya hivo unaua besi yote unabaki na kishindo kifupi kisicho na mwili na hakuna maiki itakayoirudisha.

Sasa tundu. Hili ndo linaloamua aina ya maiki kuliko kitu kingine chochote. Ngozi ya mbele ikiwa na tundu la inchi 4 au 5 unaweza kuingiza maiki ndani, na uchaguzi wako unakuwa mpana. Ikiwa nzima, maiki itakaa nje na maiki zingine nzuri kabisa hazitakufaa. Kutoboa sio kazi kubwa: unahitaji kopo la bati lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, lipashe mdomo kwenye jiko la mkaa mpaka liwe la moto kweli, shika kwa koleo, libandike kwenye ngozi pembeni, pale namba 4 au namba 8 inapokaa ukiitazama ngozi kama uso wa saa, sekunde chache plastiki inayeyuka na duara linatoka safi bila kuchanika. Usitoboe katikati, ngozi inapoteza nguvu. Fanyia nje, moshi wake ni mbaya. Na kama dramu ni la kanisa ongea na kiongozi wa kwaya na mzee wa kanisa kabla hujapasha hilo kopo, manake ngozi nyingi za mbele zina jina la kwaya lililochorwa na watu wanalithamini.

Bita nayo iangalie. Ya manyoya yaliyoshindiliwa inatoa sauti laini yenye besi, ya plastiki au mbao inatoa mgongo mkali, yani ule mlio wa tak bita ikigonga ngozi. Bita nyingi zina pande mbili, igeuze tu usikie tofauti, ni bure.

Hatua ya 2: Amua unataka kiki ya namna gani

Kiki ina sehemu tatu ambazo inabidi uzijue kwa masikio. Kuna chini, kati ya hezi 50 na 80 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde), ile unayoisikia kifuani. Kuna katikati, hezi 250 mpaka 500 hivi, sehemu yenye sauti ya boksi, na hii ndo inachafua rekodi nyingi. Alafu kuna juu, kama hezi 2,000 mpaka 5,000, mgongo wa bita ikigusa ngozi.

Mwimbo wa rege unataka chini nene na mgongo kidogo. Sebene la kwaya, pale mwendo unapochangamka na mpigaji anaanza kuongeza mguu, linataka mgongo usikike na mlio uwe mfupi, la sivyo kiki na besi gitaa vinakuwa uji mmoja husikii nani kafanya nini. Na kumbuka watu wengi watausikiliza huo wimbo kwenye simu, na spika ya simu haiwezi kutoa hezi 60 hata ufanyeje, kinachomwambia msikilizaji kwamba hapa kuna kiki ni ule mgongo wa juu. Kwa hiyo kwa rekodi za kwaya za huku mimi napendelea maiki inayobeba mgongo vizuri kuliko inayobeba besi tu, na huu ni msimamo wangu nimeusikia ukijithibitisha kwenye spika za daladala na kwenye redio ndogo za jikoni.

Hatua ya 3: Zijue familia za maiki

Ya kwanza ni dainamiki kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya kiki. Hazitaki umeme wa volti 48, zinavumilia makelele makubwa, zikianguka kwa bahati mbaya mara nyingi zinaendelea na kazi. AKG D112 ni ya tangu miaka ya 1980, imechukua nafasi ya D12 iliyotoka 1953, ina mnyanyuko wake karibu na hezi 4,000 ambao unatoa mgongo wa kueleweka lakini katikati bado inabaki na nyama. Shure Beta 52A inashuka mpaka hezi 20 na juu inaishia hezi 10,000, stendi yake imeunganishwa na mwili wenyewe, kitu kinachosaidia sana kuiingiza kwenye tundu. Audix D6 imeshachongwa tayari, katikati wameipunguza, chini na juu zimenyanyuliwa, ukiiweka tu inatoa kiki ya kisasa hata bila kugusa ikwalaiza (vitufe vya kupunguza na kuongeza besi, katikati na juu), ndo maana mafundi wa mahubiri ya uwanjani wanaipenda. Ila hiyo hiyo ndo shida yake, ukitaka kiki ya kizamani yenye katikati huipati kwa sababu maiki haikuileta. Sennheiser e602 na e902 zipo familia hii hii. Shure PGA52 ni ya bei ya chini zaidi na kwa kanisa inayoanza inafanya kazi ya heshima.

Ya pili ni maiki bapa za kulazwa, mfano Shure Beta 91A na Sennheiser e901. Hizi ni kondensa, zinakaa juu ya blanketi ndani ya dramu bila stendi yoyote, na mgongo wake ni mkali na wa haraka. Zinataka umeme kutoka kwenye miksa au saundi kadi, kwa hiyo kama miksa ya kanisa ni ya zamani isiyo na kitufe cha 48 usiinunue kabisa.

Ya tatu, zile za kazi zote. Shure SM57, iliyoanza 1965, haijatengenezwa kwa kiki na chini yake inaanza kupungua mapema, lakini inabeba mgongo vizuri na utaitumia kwenye snea (ile dramu ndogo yenye nyaya chini), gitaa, hata mahubiri. Sennheiser MD 421 ya mwaka 1960 na Electro-Voice RE20 ya 1968 ni kubwa, ghali, na zote zinafaa kwa kiki. RE20 wengi wanaijua kama maiki ya watangazaji wa redio. Tofauti na nyingi, ukiisogeza karibu besi haivimbi sana, kwa hiyo kama una rafiki mwenye studio ya podikasti muombe siku moja uijaribu.

Ya nne ni kondensa za kuimbia. Zile za bei rahisi zilizojaa madukani usiziingize ndani ya kiki, zinazidiwa na sauti inakwaruza. Ukiwa na kondensa nzuri yenye kitufe cha kupunguza nguvu iweke nje, kama sentimita 30 hadi 60 mbele ya dramu na sio usawa wa tundu, ule upepo unaotoka tunduni unapiga maiki vibaya. Ila mwezi wa nne Moshi mvua ikishika kwenye mabati maiki ya nje inarekodi mvua yote, na ile iliyo ndani ya dramu inaisikia kwa mbali tu. Kama ukumbi wako hauna silingbodi, hilo peke yake linatosha kukupeleka kwenye maiki ya ndani.

Na kuna ya tano ambayo haiuzwi kama maiki, ni spika. Spika na maiki ya dainamiki ni kitu kilekile kinachofanya kazi kinyume, koili na sumaku, kwa hiyo woofa ya inchi 6 na nusu au 8 ukiifunga mbele ya kiki inageuka maiki ya besi za chini kabisa. Mafundi wa zamani walitumia woofa ya spika za Yamaha NS-10, na Yamaha wenyewe wakaja kutoa kifaa cha namna hiyo. Nenda kwa fundi redio yeyote Ngarenaro au Majengo, atakuwa na woofa ya gari ambayo bado nzima. Mwambie alehemu upande chanya kwenye pini namba 2 ya plagi ya maiki, hasi kwenye namba 3, namba 1 iungwe na waya wa nje wa kebo na fremu ya spika. Zima volti 48 kwenye hiyo chaneli, na anza na geini (kitufe cha kuongeza nguvu ya maiki) ikiwa chini kabisa manake inatoa nguvu nyingi. Haina mgongo wowote, ni ya kuchanganya na maiki nyingine, ukiitumia peke yake utasikia ngurumo tu.

Hatua ya 4: Soma namba tatu, zingine achana nazo

Kwenye karatasi ya vipimo angalia masafa, kama maiki inaanzia hezi 20 mpaka 40 chini ni sawa, ikianzia 80 hiyo ni ya sauti za watu. Angalia kiwango cha juu cha kelele inachovumilia kwa desibeli, karibu na bita kiki inaweza kuvuka 130, Beta 52A wameiandikia 174 kwa hiyo hapo huna wasiwasi. Alafu angalia inasikia upande gani, nyingi za kiki ni kadioidi au supakadioidi, yani zinasikia mbele na kupunguza za pembeni na nyuma, hicho ndo unachotaka ili snea na sahani zisiingie sana.

Hatua ya 5: Jaribu kabla hujalipa

Hapa ndo ningependa utulie. Azima maiki mbili, hata kama moja ni SM57 ya kwaya ya jirani, chomeka kwenye saundi kadi, na mpe mpigaji kazi moja asiibadilishe: mapigo yaleyale, kasi ileile, nguvu ileile.

Anza na maiki pale tunduni, nusu ndani nusu nje. Vaa hedifoni. Utasikia kiki kubwa, nene, yenye pumzi, mgongo wake upo lakini kwa mbali. Sasa isogeze ndani kama upana wa kiganja, ikitazama kati ya bita na ukingo wa dramu. Besi inakaza, pumzi inapungua, mgongo unaanza kutokeza. Sogeza tena mpaka ibaki sentimita 10 hivi kutoka kwenye ngozi, ikitazama bita moja kwa moja, na hapo unasikia tak, tak, kavu, kila pigo linajitenga na lingine, na ule unene wa mwanzo umepungua sana. Maiki ni ileile na hujagusa ikwalaiza. Rudi sasa katikati ya hizo sehemu mbili uitafute ile ambayo ukifunga macho unaiona kiki iko kwenye wimbo. Igeuze pembeni kidogo isitazame bita, sikia mgongo unavyolainika. Nikiwa ukumbini napenda mtu mwingine ashike stendi akisogeza taratibu wakati mimi niko na hedifoni namwonyesha kwa mkono, simama, rudi, hapo hapo.

Ukishapata sehemu, weka alama kwa gundi ya karatasi kwenye stendi, badilisha maiki, na hii ya pili iwe sehemu ileile. Rekodi zote mbili. Kabla ya kulinganisha zisawazishe ukubwa wa sauti kwenye kompyuta, hili watu hawalifanyi kabisa, na sikio la mtu siku zote linapenda iliyo juu zaidi hata kama ni mbaya. Geini iwe ambapo pigo kubwa zaidi linafika kama desibeli 10 chini ya sifuri, hapo una nafasi mpigaji akipandwa na roho ya wimbo. Alafu usisikilize kiki peke yake. Weka besi gitaa, weka sauti, sikiliza kwenye simu, sikiliza kwenye spika za kanisa. Maiki iliyoshinda peke yake mara nyingi inashindwa ikikutana na besi gitaa.

Kama kiki haina tundu na wamekataa kutoboa, jaribu sehemu mbili: mbele ya ngozi sentimita 5 mpaka 10, pembeni kidogo ya katikati, kwa ajili ya besi, na SM57 upande wa mpigaji karibu na bita kwa ajili ya mgongo. Mkao huo unasikia mlio wa pedali, kwa hiyo tia mafuta pedali kwanza.

Hatua ya 6: Ukiweka mbili, angalia fezi

Maiki ya upande wa bita inaiona ngozi ikikimbia, ya mbele inaiona hewa ikija, kwa hiyo mawimbi yao yanapingana, hiyo ndo shida ya fezi, na besi inafutika. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi kwenye moja, kiko kwenye miksa kubwa na kwenye programu nyingi za kurekodi, chagua upande ambao besi ni nene zaidi. Fanya hivo hivo ukichanganya maiki ya ndani na ile ya nje au ile spika. Sauti inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kwenye kompyuta ukivuta karibu utaona kabisa pigo la maiki ya nje linachelewa, unaweza kulisogeza lilingane au ukaliacha kama masikio yameridhika. Mimi naamini masikio.

Hatua ya 7: Kununua

Feki zipo nyingi hasa za Shure. Ikiwa bei iko chini sana kuliko maduka mengine, hiyo peke yake ni jibu. SM57 halisi ina uzito wa gramu 284 hivi, beba ile ya kwaya unayoijua ni halisi ulinganishe mkononi, feki nyingi ni nyepesi. Ukiagiza Kariakoo kupitia mtu wa basi mwambie aijaribu dukani kwenye miksa, apige video, akutumie kabla hujalipa. Za mtumba ni sawa ukiikuta wavu haujabonyea na ukiitikisa taratibu husikii kitu kinacheza ndani.

Mpangilio wangu kwa mwenye hela ya kidogo kidogo ni huu. Ya kwanza iwe dainamiki moja kubwa ya kiki, D112 kama unarekodi mambo mengi tofauti na una mtu anayejua ikwalaiza, D6 kama ni kanisa na mnabadilishana mafundi kila jumapili, PGA52 kama bajeti imebana. Ya pili SM57. Hapo unaweza kurekodi albamu nzima ya kwaya. Ya tatu woofa ya fundi redio, haina gharama ya kuogopesha. Maiki bapa iwe ya nne, na inunue tu ikiwa miksa ina volti 48. Zile seti za maiki saba kwenye sanduku moja zinavutia macho, lakini kwenye seti za bei ya chini mara nyingi ile ya kiki ndo dhaifu kuliko zote, kwa hiyo hata ukiamua kununua seti, fungua sanduku hapo hapo dukani uchomeke ya kiki kwanza, na kama muuzaji hana dramu dukani, gonga kwa ngumi sanduku la spika kubwa mbele ya maiki, usikilize kama chini inafika.